Kiti cha Tatu

Nilikulia Pasiansi, Mwanza, karibu na uwanja wa ndege. Katika miaka ya 2000, ndege iliyotukatizia mazungumzo zaidi haikuwa ya abiria. Ilikuwa Ilyushin Il-76, ndege ya mizigo ya Kisovieti yenye injini nne, iliyokuja kuchukua minofu ya sangara kwenda Ulaya. Ilipopaa, mabati ya nyumba yetu yalitetemeka, na mama alinyamaza mpaka ipite ndipo amalizie alichokuwa akisema.

Mjomba wangu alizijua ndege hizo kwa karibu. Alikuwa utingo wa lori lililobeba maboksi ya minofu kutoka kiwandani hadi uwanjani, na jioni alituhadithia alichokiona. Alisema chini ya pua ya ndege ile kuna chumba cha vioo, na ndani yake hukaa mtu peke yake, anatazama ardhi. Alisema pia kwamba aliwahesabu wanaume wanaoshuka: sita, siku nyingine saba. Ndege ya abiria kutoka Dar es Salaam ilipotua, waliovaa kofia za urubani walikuwa wawili tu.

Nilimuuliza swali ambalo alilirudia kwa majirani kwa miaka mingi ili kunicheka: "Mjomba, mbona ndege ya samaki ina watu wengi kuliko ndege ya watu?"

Hakuwa na jibu. Mimi nilikuja kulitafuta nikiwa na miaka 25, nikisoma shahada ya uzamili ya historia, nilipotakiwa kuandika insha kuhusu teknolojia na kazi. Nilidhani itakuwa insha rahisi. Zamani walikuwa watano, mashine zikaja, wakabaki wawili. Niliandika kurasa nane kwa mtindo huo. Msimamizi wangu alizirudisha akiwa ameandika pembeni, kwa kalamu nyekundu, maneno mawili: "Nani aliamua?"

Nianze na hao watano.

Ndege kama Lockheed Constellation, iliyovuka bahari katika miaka ya 1940 na 1950, ilihitaji mbele watu watano katika safari ndefu. Wawili walikuwa marubani. Wa tatu alikuwa opereta wa redio, ambaye alituma na kupokea ujumbe kwa alama za Morse, maana sauti ya binadamu haikufika mbali kwa redio za wakati ule. Wa nne alikuwa navigeta, mtu wa kutafuta njia. Juu ya bahari usiku hakuna mlima wala mto wa kukuonyesha ulipo, kwa hiyo alipima nyota kwa kifaa kile kile cha mabaharia, akapiga hesabu, akachora mstari kwenye ramani. Wa tano alikuwa injinia wa angani. Huyu hakuwa fundi wa kusubiri ndege itue. Alikaa na ukuta wa mita na swichi mbele yake, akilisha injini mafuta na kuchunga joto lake. Constellation ilikuwa na injini nne, kila moja silinda 18, na kila silinda plagi mbili. Hizo ni plagi 144. Rubani anayetazama mbele hawezi kuzichunga.

Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya kwanza ya abiria ya jeti, de Havilland Comet, ilianza safari zake za kibiashara kutoka London hadi Johannesburg. Ilipita Roma, Beirut, Khartoum, kisha Entebbe, kabla ya Livingstone. Abiria walikuwa 36, na safari ilimalizika ndani ya saa 24. Wakati huo viti vya mbele vilikuwa vimeanza kupungua. Redio za sauti zilikuwa zimeboreka kiasi kwamba rubani aliweza kuzungumza mwenyewe na watu wa ardhini, na opereta wa redio akaondoka taratibu, shirika moja baada ya jingine.

Navigeta alidumu zaidi. East African Airways, shirika la pamoja la Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar lililoanzishwa mwaka 1946, lilipopokea ndege zake za Super VC10 kuanzia mwaka 1966, aina hiyo ya ndege bado ilijengwa ikiwa na nafasi ya injinia na ya navigeta, na tundu kwenye dari la kupitishia kifaa cha kupimia nyota. Miaka minne baadaye, Januari 1970, Boeing 747 ilianza kubeba abiria. Ilikuwa na mtambo uliohisi kila mwendo wa ndege na kujua wenyewe ilipo. Ndege kubwa kuliko zote za abiria wakati huo ikavuka Atlantiki bila navigeta.

Mpaka hapo insha yangu ya kwanza ilikuwa sahihi. Kifaa kilikuja, mtu akaondoka. Nilipofika kwa injinia wa angani, maneno yale ya kalamu nyekundu yakaanza kunisumbua.

Mwaka 1948 mamlaka za Marekani ziliweka sheria kwamba kila ndege ya abiria yenye uzito unaozidi pauni 80,000, yaani kilo 36,000 hivi, lazima iwe na injinia wa angani. Hawakuhesabu kazi. Walipima uzito. Matokeo yake watengenezaji walipobuni jeti ndogo katika miaka ya 1960, waliukwepa mstari. Douglas DC-9 ya kwanza, iliyoanza kazi mwaka 1965, ilipewa uzito ulio chini kidogo ya pauni 80,000, na hivyo ikaruka na watu wawili. Mwaka huo huo sheria ya uzito ilifutwa, ikawekwa nyingine inayouliza kazi ni kubwa kiasi gani, na DC-9 zilizofuata zikanenepa. Yaani kwa miaka 17, kuwepo au kutokuwepo kwa mtu wa tatu kuliamuliwa na mizani.

Kabla ya hapo ulikuwa umetokea ugomvi mkubwa zaidi. Jeti kubwa za Marekani, Boeing 707 na DC-8, zilipoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, kulikuwa na vyama viwili vya wafanyakazi. Chama cha marubani kilitaka mtu wa tatu awe rubani. Chama cha mainjinia wa angani, ambao wengi wao walitoka katika ufundi, kilisema kiti hicho ni chao. Mashirika kadhaa yakamaliza ugomvi kwa kuwaweka wote. Kukawa na marubani watatu na injinia mmoja, watu wanne katika ndege ambayo watatu walitosha.

Februari 1961 chombo cha usuluhishi cha serikali kiliamua kwamba katika shirika la United, marubani na mainjinia wahesabiwe kundi moja. Mainjinia walikuwa wachache. Walielewa kwamba wakipigiwa kura pamoja na marubani, chama chao kimekwisha. Wakagoma, na mashirika makubwa ya Marekani yakasimama kwa siku kadhaa. Rais Kennedy, ambaye hakuwa ametimiza hata miezi miwili madarakani, aliunda tume chini ya Nathan Feinsinger, profesa wa sheria kutoka Wisconsin. Njia iliyopendekezwa ilikuwa kurudi kwenye watu watatu, na injinia anayetaka kubaki afundishwe urubani. Shirika moja, Western, liliwafukuza mainjinia wake waliogoma.

Nilisimama muda mrefu hapo. Nilikuwa nimekaa maktaba na makaratasi kuhusu watu wasionihusu, wa nchi nyingine na karne nyingine, lakini nilimkumbuka mjomba.

Baada ya biashara ya minofu kupungua, alihamia malori ya masafa marefu, Mwanza hadi Dar es Salaam, kupitia Shinyanga, Singida na Dodoma. Bado alikuwa utingo. Utingo ndiye anayeweka kigingi nyuma ya tairi lori likisimama kwenye mlima. Anakaza turubai, anagonga matairi kusikia kama yana upepo, analala juu ya mzigo ili usiibwe. Siku moja mwenye kampuni aliwaita wote akawaambia malori yamefungwa GPS, na kuanzia mwezi unaofuata kila lori litakuwa na dereva peke yake. Mjomba alikuwa na miaka 46. Aliniambia jambo ambalo sikulitilia maanani wakati ule: "Mjomba, kazi yangu kubwa haikuwa matairi. Ilikuwa kumsemesha dereva usiku."

Tukirudi angani, Boeing 737 iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 9 Aprili 1967. Ilibuniwa kwa watu wawili. Haikuwa na ukuta wa injinia, kwa maana swichi zote zilikuwa juu ya vichwa vya marubani, ndani ya urefu wa mkono. Lakini chama cha marubani wa Marekani kilidai watatu, na United ikairusha na watatu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mtu wa tatu alikaa kwenye kiti kidogo nyuma ya wenzake, hana mtambo wake mwenyewe. Aliangalia nje kama kuna ndege nyingine, akasoma orodha za ukaguzi. Nje ya Marekani mashirika yaliirusha ndege hiyo hiyo na marubani wawili. Air Tanzania, iliyozaliwa mwaka 1977 baada ya East African Airways kuvunjika, ilipata 737 zake mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970. Hizo ndizo ndege za namna aliyoziona mjomba zikitua Mwanza na kofia mbili.

Sasa nilikuwa na nusu ya jibu la swali langu la utotoni. Ndege ya abiria ilikuwa na wawili kwa sababu ilibuniwa katika nchi ambako mshahara wa mtu wa tatu ulikuwa jambo la kugombaniwa kwa miaka 20. Il-76 iliruka mara ya kwanza mwaka 1971, ikibuniwa kwa mahitaji ya jeshi la Kisovieti: itue mahali pasipo na minara ya kuiongoza, itafute njia yenyewe. Mtu wa vioo aliwekwa kwa ajili hiyo. Miaka 30 baadaye bado alikuwa amekaa pale, akitazama Ziwa Victoria.

Ugomvi wa Marekani ulifika mwisho mwaka 1981. Ndege mpya zilikuwa zinakuja, zikiwemo Boeing 757 na 767, na Airbus A310 kutoka Ulaya. Skrini zilichukua nafasi ya mita, na kompyuta ilichukua kazi ya kuchunga injini. Rais Reagan aliunda kikosi kazi chini ya John McLucas, aliyewahi kuongoza mamlaka ya anga ya Marekani. Mwezi Julai kikosi hicho kilisema mtu wa tatu hahitajiki kwa ajili ya usalama, na chama cha marubani kilikuwa kimekubali kuheshimu uamuzi. Boeing ilikuwa tayari imeanza kuunda 767 zenye kiti cha injinia. Zikabadilishwa kabla ya kukabidhiwa. Shirika moja tu, Ansett la Australia, lilichukua za watu watatu, kwa sababu ya makubaliano na wafanyakazi wake. Mwaka 1989 ikaja Boeing 747-400. Taa, mita na swichi za mbele zilipunguzwa kutoka 971 hadi 365, na injinia akaondoka hata kwenye ndege kubwa kuliko zote.

Walioamua walikuwa na hoja nzuri, nami sitaki kuwadhulumu. Watu wengi si lazima wawe usalama. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1972, ndege ya Eastern aina ya Lockheed L-1011 ilikuwa inakaribia Miami. Taa moja ndogo ya kuonyesha kwamba gurudumu la mbele limefunguka haikuwaka. Marubani wawili waliishughulikia taa, injinia akashuka kwenye shimo chini ya sakafu kutazama gurudumu kwa macho, na mtu mwingine wa shirika aliyekuwa mbele akamfuata. Hakuna aliyeona kwamba mtambo wa kujiendesha umeacha kushikilia kimo. Ndege ilishuka taratibu hadi kwenye kinamasi cha Everglades. Watu 101 walikufa. Mbele walikuwepo wanne, na wote walikuwa wanaifikiria balbu.

Lakini kuna kisa kingine ambacho nimekisoma mara nyingi kuliko chochote katika utafiti huu.

Tarehe 23 Julai 1983, ndege ya Air Canada aina ya 767, mpya kabisa, ilikuwa Montreal ikijiandaa kwenda Edmonton kupitia Ottawa. Mtambo wa kupima mafuta ulikuwa mbovu, kwa hiyo mafuta yalipimwa kwa kijiti. Safari ilihitaji kilo 22,300. Tangini kulikuwa na lita 7,682. Ili kujua kilo, unazidisha lita kwa 0.8 hivi. Lakini namba iliyokuwa kwenye karatasi ilikuwa 1.77, ambayo inakupa pauni. Canada ilikuwa inahama kutoka vipimo vya Kiingereza kwenda kilo na lita, na 767 ndiyo ilikuwa ndege ya kwanza ya shirika hilo kutumia kilo. Walizidisha, wakapata 13,597, wakaziita kilo. Wakaongeza lita 4,917 badala ya zaidi ya 20,000. Ndege ikapaa na chini ya nusu ya mafuta iliyohitaji.

Iliishiwa ikiwa futi 41,000 angani. Injini zote mbili zilizima, na skrini nazo zikazima. Rubani, Robert Pearson, kwa bahati alikuwa mtu wa kurusha ndege zisizo na injini katika mapumziko yake. Rubani msaidizi, Maurice Quintal, alikumbuka uwanja wa zamani wa jeshi la anga huko Gimli. Wakaelea hadi huko, wakatua kwenye njia iliyokuwa inatumika siku hiyo kwa mashindano ya magari. Watu wote 69 walitoka hai.

Wamarekani na Wakanada wanakipenda kisa hiki kwa sababu ya ushujaa wa kutua. Mimi kilinishika kwa sababu ya hesabu. Katika ndege nyingine za shirika hilo, hesabu ya mafuta ilikuwa kazi ya injinia wa angani. Kwenye 767 hakukuwa na injinia, na uchunguzi ulionyesha kwamba kazi hiyo haikuwa imekabidhiwa kwa mtu yeyote kwa uwazi. Marubani walidhani ni ya mafundi wa ardhini. Mafundi hawakuwa wamefunzwa. Watu waliomwondoa injinia walikuwa wamehesabu kazi zake karibu zote: mita zimekwenda kwenye skrini, swichi zimekwenda kwenye kompyuta. Hii moja ilibaki kwenye kiti kilichong'olewa.

Hapo ndipo niliifuta insha yangu ya kwanza yote. Nilikuwa nimeandika kana kwamba kazi ya mtu ni orodha, ukimaliza kuigawa mtu anaweza kwenda. Mjomba alikuwa ameshaniambia kwamba sivyo. Ukiangalia orodha ya kazi za utingo hutaona mahali palipoandikwa "kumsemesha dereva."

Siku mbaya ndizo zinazoonyesha hilo. Tarehe 19 Julai 1989, ndege ya United aina ya DC-10 ilipoteza vifaa vyote vya kuiongoza baada ya injini ya mkiani kupasuka. Mbele walikuwepo watatu, rubani mkuu akiwa Al Haynes, na akaja wa nne: Dennis Fitch, mkufunzi wa marubani aliyekuwa akisafiri kama abiria. Alipiga magoti kati ya viti, akashika vishikio vya nguvu za injini zilizobaki, akawa anaiongoza ndege kwa kuongeza huku na kupunguza kule. Walianguka Sioux City. Kati ya watu 296, 184 walipona, na wengi wa waliochunguza hawakutegemea apone mtu. Tarehe 4 Novemba 2010, injini ya Airbus A380 ya Qantas ilipasuka baada ya kuondoka Singapore. Siku hiyo, kwa sababu ya ukaguzi wa kawaida, mbele walikuwepo marubani watano. Waligawana ujumbe wa hitilafu uliomiminika kwenye skrini, na watu 469 walishuka salama.

Sheria zinaandikwa kwa ajili ya siku za kawaida, ambazo ni nyingi mno, na katika siku hizo wawili wanatosha. Takwimu ziko upande wa McLucas. Usafiri wa anga leo ni salama kuliko enzi za watu watano, na nikiketi kwenye ndege ya kwenda Mwanza sitamani injinia. Ninachotaka kujua kama mwanafunzi wa historia ni kama mtu alikaa na huyo anayeondoka akamuuliza: zaidi ya yaliyoandikwa, unafanya nini?

Swali hilo halijapita. Sasa watengenezaji wanataka ndege kubwa ziweze kuachiwa rubani mmoja wakati wa mwendo wa kawaida katika safari ndefu, mwenzake akiwa amelala.

Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani. Mjomba ana kibanda cha kuziba pancha kando ya barabara ya uwanja wa ndege. Nilimwamkia, nikakaa kwenye tairi bovu, nikamweleza nilichokipata: opereta wa redio, navigeta, injinia, na sasa mpango wa rubani mmoja.

"Na akisinzia?" aliuliza, mikono ndani ya beseni la maji akitafuta tundu kwenye tyubu.

Nilimwambia mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya ilichunguza jambo hilo, na mwaka 2025 ikasema haijathibitika kwamba usalama utabaki vile vile.

Alipata tundu. Viputo vikapanda juu ya maji. Akaliwekea alama kwa kipande cha kijiti.

"Basi hao," akasema, "wamewahi kusafiri usiku."